Mitetemo Niliyoiita Msumeno

Picha uliiona. Usinikatalie. Ilitoka gazetini siku ya sita baada ya tetemeko: milima yetu ilivyopigwa na rada ya setilaiti, kabla na baada, na rangi zimeizunguka kama pete za shina la mti. Upande wa kusini pete zilibanana, kisha zikakatika ghafla mtoni. Ukasema, "Rangi nzuri," ukafungua ukurasa wa mpira. Nakukumbuka. Mimi sisahau, ndiyo maana watu hawapendi kunialika.

Lakini nikikulaumu wewe peke yako nitakuwa mwongo.

Nilikuwa fundi redio. Elimu ya matetemeko niliiokota kwenye vitabu vilivyotupwa na chuo, nikakazana hadi idara ikanipa kiti na meza pale mjini. Kazi yangu ilikuwa kusoma mistari iliyoletwa kwa redio na vipima mitetemo vitano. Cha kaskazini, ng'ambo ya mto, kilifukiwa nyuma ya zahanati, hatua arobaini kutoka karakana ya mbao. Kila asubuhi msumeno ulipowashwa, mstari wake ulitetemeka. Nami kila alasiri nilikikata kipande hicho kwa kalamu nyekundu na kuandika: msumeno. Miaka minne. Mkono ulikuwa ukifika kabla ya macho.

Mkunga wa zahanati hiyo alikuwa dada yangu, aliyenilea mama alipofariki. Aliniita Profesa wa Betri.

Tetemeko likaja, likavunja kusini. Mtaalamu akatumwa, mama mmoja mpole mwenye miwani. Akalinganisha picha za setilaiti na mistari yangu. Ardhi ya kusini ilikuwa imesogea hatua nzima ya mtu mrefu.

"Ufa ulianza kuchanika huku," akanionyesha kwa penseli, "ukakimbilia kaskazini, ukasimama mtoni. Ng'ambo hakuna kilichosogea. Ama kule ufa umekufa, ama umebana, na sasa umetwishwa mzigo wote. Kuna mitetemo midogo midogo kule?"

"Hakuna, mama. Ni msumeno tu."

Akaandika nilivyosema. Alimwamini mtu wa kituo.

Siku ya tisa, alasiri, nikampigia dada.

"Profesa! Uko hai? Nachajia simu kwenye paneli ya jua ya mtambo wako, usije ukanishtaki."

"Chaji tu, dada. Ila huo msumeno wenu unanichosha. Mwambie seremala apumzike hata siku moja."

Akacheka. "Apumzike mara ngapi? Umeme hatuna tangu siku ile. Seremala kahamia kwa wakwe zake, anakula bure."

Mjini umeme ulirudi siku ya pili. Nikadhani na kwao.

Nikaikimbilia mistari. Msumeno huunguruma sawasawa mpaka uzimwe. Mitetemo hii ilikuja kwa kishindo ikafifia, wimbi jepesi likitangulia na zito likifuata chini ya sekunde mbili, maana yake chanzo kilikuwa karibu, karibu na miguu yao. Hata mwanafunzi wa wiki moja angeona. Ishirini na saba tangu tetemeko, na yote nimeikata kwa mkono wangu.

Nikampigia tena, nikamweleza nusunusu. Hakuuliza mengi, mkunga hana muda huo.

"Niwatoe wazazi nje? Ninao watatu, mmoja uchungu umemshika tangu asubuhi. Turubai lipo."

"Subiri kwanza, dada. Nihakikishe."

Nihakikishe nini? Shaka sikuwa nayo. Nilikuwa na aibu. Nilitaka nihesabu upya, nipange jedwali safi, nimwendee yule mama wa miwani kama mtu aliyegundua, si kama mtu aliyekosea. Nikajipa siku mbili. Kesho yake dada akatuma ujumbe: "Vipi, tuendelee kusubiri?" Nikajibu: "Kidogo tu."

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, ng'ambo ya mto ikachanika. Kuta za tofali za wodi zikaangukia ndani, bati juu yake. Dada na wazazi wawili. Wa tatu alikuwa uani akianua nguo za mtoto, na ndiye aliyenisimulia: wenzake walipoomba kulala nje, dada aliwaambia, "Ngojeni, mdogo wangu atanijibu. Yeye ndiye anayejua."

Sikufukuzwa. Ripoti iliandika "kelele za mtambo".

Sasa picha mpya zimetoka. Safari hii pete zimekatika kwenye machimbo ya mawe, na juu ya machimbo ndipo ilipo hospitali yenu, wodi ya wazazi ghorofa ya pili. Mitetemo midogo imeanza hapo. Niliipeleka siku ileile, na makosa yangu ya zamani nimeyaandika juu yake kwa mkono wangu. Mtaalamu ametia sahihi. Halmashauri imejibu kwamba inasubiri uhakika.

Siku siijui. Hakuna anayeijua, na atakayekwambia anaijua mfukuze. Lakini weka karatasi hii chini, uende wodini, umshike mganga mkuu mkono, mshushe vitanda uwanjani, chini ya mahema. Leo, kabla jua halijazama. Na usinipigie kuniuliza kama nina hakika.