Fulana za Mheshimiwa

Fulana zilifika kambini kabla ya kamba. Hilo ndilo lililomtia Ndimu kinyaa mwanzo kabisa, alfajiri ile walipopangwa foleni chini ya mlima kwenda kumtafuta mwanamke aliyepotea porini. Maboksi yalishushwa, kila fulana na sura ya Mheshimiwa mgongoni, meno yote nje, na chini yake maneno NIPO NANYI. Kamba ndefu, hakuna. Dawa ya kidonda, hakuna. Machela ilikuwepo moja, mpya, ingali ndani ya nailoni yake, na Mkuu wa msako alikataza isiguswe.

"Hiyo ni ya shughuli," alisema.

"Shughuli gani, na mtu mwenyewe hajapatikana?" Ndimu aliuliza.

"Vaa fulana, mzee. Maswali utauliza kwenu."

Jina la Ndimu alipewa na watu wa mtaani, kwa ajili ya ile sura yake. Tangu mkewe afariki alikuwa amekunja uso na hakuukunjua tena. Kazi yake ilikuwa upagazi, kuwabebea mizigo wanaopanda milima kwa starehe zao, watu wanaolipa ili wachoke. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa domo, ambaye hata msibani aliwachekesha watu mpaka akatolewa nje.

"Shem, geuka nikuone," shemeji alimwambia. "Ala! Ukitembea mbele yangu nitakuwa namtazama Mheshimiwa kutwa nzima. Si bora nitazame mkia wa punda?"

"Funga bakuli lako, twende."

Kabla hawajaondoka, mume wa yule mwanamke aliwafuata. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, utepe wa kupimia ungali shingoni kana kwamba alitoka mbio akasahau kuuvua. Mkewe alikuwa mwalimu, na kila likizo alipanda mlima peke yake. Juzi alipanda, hakurudi. Mkononi yule fundi alishika chupa ya chai, ameikumbatia kama mtoto.

"Kaka," alimwambia Ndimu, na kwa nini alimchagua yeye kati ya wote, hajui mtu, "usinirudie mikono mitupu. Nakuomba."

Sauti ile Ndimu aliijua. Aliwahi kuitoa mwenyewe, kwenye baraza ya zahanati, mkewe amelazwa kwenye benchi anahema kama mvukuto. Siku ile gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limebeba viti. Bwana mkubwa mmoja alikuwa anakuja kuzindua choo cha soko, na makalio ya wakubwa hayakai chini. Gari liliporudi, marehemu alikuwa ameshafunikwa shuka usoni. Dereva alipofungua mlango wa nyuma, kiti kimoja kilichosahaulika kilidondoka, kikabingirika mpaka miguuni pa Ndimu.

Basi wakapanda. Kundi lao lilikuwa la watu wanne: yeye, shemeji yake, na mapacha wawili mafundi baiskeli waliojitolea. Walikata vichaka, wakashuka makorongo, wakapanda tena. Kila baada ya mwendo walipuliza filimbi, wakanyamaza, wakatega sikio. Upepo tu. Jua lilikuwa limeanza kuchoma waliposikia, si sauti ya mtu, bali mvumo wa nzi.

Alikuwa chini ya jabali, ndani ya korongo. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika na kuvimba kama gogo, kidonda kimefunguka, na harufu iliyotoka pale iliwafanya mapacha wageuke upande. Midomo ilikuwa imepasuka. Lakini macho yalikuwa hai, na yaliona aibu.

"Msinisogelee," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimejichafua. Nanuka."

"Dada," Ndimu alimwambia, akipiga magoti kwenye tope, "sisi ni wapagazi. Sisi na harufu ni ndugu. Kunywa maji, kidogo kidogo."

Shemeji alishika redio ya mkononi akatoa taarifa, safari hii bila masihara. "Tumempata! Yuko hai, lakini mguu ni mbaya sana. Leteni machela haraka, akichelewa tutampoteza."

Redio ikakoroma. Halafu sauti ya Mkuu, laini, kama mtu aliyeshiba. "Kazi nzuri. Msimguse."

"Unasemaje?"

"Helikopta ya Mheshimiwa inatua saa nane. Anataka awepo mgonjwa anapopatikana. Waandishi wanakuja."

"Mkuu, ameshapatikana! Huyu hapa, tumemshika!"

"Hajapatikana mpaka niseme kapatikana. Mfunikeni, mkae naye kivulini, msubiri. Ni amri."

Yule mwanamke alikuwa amesikia kila neno. Hakulia. Aliuliza tu, "Mume wangu yuko chini?"

"Yuko. Ana chupa ya chai," Ndimu alisema.

Akatema mate pembeni. Kisha akamnyang'anya shemeji yake redio, akaizima.

"Vueni fulana."

"Shem, ni amri hiyo. Tutafukuzwa."

"Kwani uliajiriwa lini? Vua. Na zile ulizoficha mkobani toa."

Shemeji akaona haya. "Ni za watoto, za kulalia."

"Toa, nimesema."

Zikatoka nne za ziada. Mapacha walikata miti miwili mirefu iliyonyooka. Wakaipitisha ndani ya fulana, moja baada ya nyingine, miti ikatokea mabegani, nguo zikajinyoosha katikati. Hapo ikapatikana machela, na juu yake Mheshimiwa akiwa amepangwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, anacheka. Mguu waliufunga kwa vijiti. Walipomwinua yule mwalimu na kumlaza, tope, damu na yote mengine yalimiminika juu ya meno yale meupe.

Shemeji alishindwa kujizuia. "Jamani, mmeona? Miaka yote tunambeba yeye. Leo kwa mara ya kwanza kambeba mtu!"

Yule mwanamke alicheka. Kicheko kilimuuma, akafumba macho, lakini alicheka.

Kuteremka kulikuwa kazi ya roho mkononi. Waliteleza, wakachubuka, wakapokezana, miti ikawala mabega. Njiani alianza kuweweseka, akawaita wanafunzi wake, akawaamuru wakae chini. Ndimu akawa anamwitikia, "Tumekaa, mwalimu, tumekaa," ili asilale.

Walipofika kambini, hema lilikuwa limeshasimama, lina mapazia. Gari la wagonjwa liliegeshwa pembeni, mlango wa nyuma wazi. Ndimu akachungulia ndani.

Viti.

Vya plastiki, vyeupe, vimepandana mpaka kwenye dari, bado havijashushwa.

Alikishika cha kwanza akakitupa. Akatupa cha pili. Vikaruka, vikagongana, vikavunjika miguu. Dereva akaacha mfupa aliokuwa akiung'ata, akaja mbio, halafu akaona kilichokuwa juu ya fulana, akaingia upande wa pili, naye akaanza kutupa.

"Nani kakuruhusu?" Mkuu alifika ananukia manukato, kitambaa puani. "Mrudishe! Mrudisheni hata pale nyuma ya kichaka, nusu saa tu!"

"Mshike wewe umrudishe," Ndimu alisema. "Mshike. Hapa, kwenye mguu."

Mkuu alirudi nyuma. Fundi cherehani alimpita kama hamwoni, akapiga magoti, akamfuta mkewe uso kwa kiganja kitupu, bila kukunja pua. "Umechelewa," alimwambia. "Chai imepoa." Wakampakia vile vile na fulana zake, mume akaingia, gari likatimua vumbi.

Helikopta ilipotua, mgonjwa hakuwepo. Mheshimiwa alishuka, akatazama viti vilivyotapakaa, akatazama waandishi, akamtazama Mkuu. Wakanong'ona. Machela ikachanwa nailoni yake. Mpishi wa kambi aliombwa alale juu yake, akakataa. Mapacha wakakataa. Shemeji akasema yeye ana kikohozi.

Mwishowe Mkuu mwenyewe alilala, akafunikwa blanketi mpaka utosini. Mheshimiwa akashika mpini, akaweka uso wa huzuni, picha zikapigwa. Chini ya blanketi vilichomoza viatu vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa.

Ndimu alikwenda nyuma ya hema akatapika.

Jioni dereva alipiga simu kwa shemeji. Wamefika, mwalimu yuko chumba cha upasuaji. Mguu hawaahidi, ila roho ipo. Angefikishwa saa moja baadaye, daktari alisema, wangepokea maiti.

Walikuwa wanafunga mikoba yao Mkuu alipowajia, nyuzi za blanketi bado zimemng'ang'ania nywele.

"Nyinyi hamtaitwa tena kwenye msako wowote. Na zile fulana ni mali ya ofisi. Ziko wapi?"

"Hospitali, chini ya mgonjwa," Ndimu alimjibu, akiunyanyua mkoba wake begani palipochubuka. "Mwache bosi wako kidogo. Ndiyo kwanza kaanza kazi."