Nywele za Upande Mmoja

Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kauegemeza magotini kwa wifi yake, na kichwa kinamuwaka moto. Kila nywele ikivutwa, alikunja vidole vya miguu. Pale msuko ulipopita pakabaki panawasha kama pamenyunyiziwa upupu.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa msusi mwenye mkono ambao wateja waliusifu kwa wepesi. Miaka minne alimsuka Mama Pacha, ambaye kwa kawaida alisinzia papo hapo. Leo mkono uleule umekuwa koleo.

Na juzi tu walikwaruzana. Wifi ndiye aliyekuwa akilala na wale pacha wa miezi mitano, mama yao akienda kukanda unga kiwanda cha mikate saa tisa za usiku. Baba yao, dereva wa lori, wiki ya pili hii yuko njiani. Siku hiyo Mama Pacha alichelewa kurudi, wifi akasema, "Mimi si yaya wa kuajiriwa." Neno dogo. Mama Pacha akalibeba hadi nyumbani, akalala nalo. Tuseme alijilaza, maana usingizi wenyewe ulikuwa wapi? Mchana pacha walipokezana kulia kama majogoo wa nyumba mbili.

Siku hizi kila kitu kilimsumbua. Lebo ya gauni ilimkwaruza shingo, akaikata. Mikono ikamuwasha, akabadili sabuni mara tatu, akachemsha shuka, akaulaumu unga. Na kila kufua kukamla saa nyingine ya kulala.

"Wifi, taratibu basi."

"Taratibu ndiyo hii. Nikizidisha utatoka hapa mwakani."

"Unanivuta makusudi."

"Jamani, kaka yangu kaoa yai."

"Sitanii. Una la juzi moyoni, unanilipizia kichwani."

Mikono ya wifi ikasimama. "Hebu rudia."

Akarudia, na akaongeza: "Na wanangu siwaleti tena kwako."

Akainuka, upande mmoja kasukwa, upande wa pili umetimka. Alijua anachokivunja. Bila wifi, nani angewashika wale watoto usiku? Kazi ingekwenda na maji. Lakini mdomo uliochoka hauna mlango.

Pacha walikuwa na mama mkwe pembeni ya chumba, mmoja mapajani, mwingine kwenye kanga. Mama Pacha akanyoosha mikono. Bibi hakumpa mtoto.

"Kitendawili, mkwe wangu."

"Mama, si sasa."

"Kitendawili."

Akaona haya kumkatalia. "Tega."

"Mgeni wangu hana miguu, akiingia hata mwenye rungu huliweka chini."

"Sijui, mama."

"Nipe mji."

"Chukua wowote."

"Nimechukua mji usio na vilio vya watoto, nimekaa, nimekula, nimeshiba. Huyo mgeni ni usingizi. Lini mara ya mwisho uliulala ukashiba?"

Mama Pacha akahesabu, akapotea njiani.

"Nilipomuuguza baba mkwe wako sikulala miezi mitatu," bibi akasema. "Mbu akiniuma, naona kachomeka msumari. Shuka linaniwasha. Huyu mwanangu akaniosha miguu kwa maji ya vuguvugu, nikasema anataka kunichemsha. Mwili usiolala ni kidonda kilichobanduliwa gamba, hata upepo unaukera."

"Na kopo ukanirushia," wifi akasema kwa mbali.

"Nilikupata?"

"Utanipataje, na macho yalikuwa yamefumba?"

Hakuna aliyecheka sana. Wifi akatandika mkeka. "Lala. Kichwa hakina miguu ya kukimbia." Mama Pacha akajilaza na hasira zake, akisema nusu saa tu.

Alipoamka jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba, na pacha wameogeshwa. Akarudi kigodani. Wifi akachukua chanuo, akagawa nywele, akavuta. Mama Pacha akakunja vidole, akangoja. Kukaja mvuto tu, mvuto wa siku zote. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Hapo ndipo aibu ikampanda.

"Wifi."

"Nimekaza?"

"Hapana. Mkono wako ni uleule."

"Ni uleule tangu asubuhi." Wifi akafunga ncha ya msuko. "Ulilosema liliniuma. Na jana wanao waliniamsha mara tano, kwa hiyo liliniuma maradufu."

Mama Pacha akageuka, akamtazama usoni. Kumbe macho yalikuwa mekundu, na shingoni pana alama za kucha, amejikuna mpaka ngozi imechubuka.

"Nisamehe, wifi. Usiku huu sina zamu. Weka chanuo, ulale."

"Imebaki misuko sita."

"Ikae."

Wifi alitaka kubisha, akapiga miayo badala yake. Mama Pacha akamfunika kanga, akawapakata pacha mmoja huku na mmoja huku, akaenda kukaa mlangoni na kichwa chake cha upande mmoja. Mteja alipokuja na kufungua kinywa apige hodi, akamtikisia kichwa na kumwonyesha kwa kidevu aende zake, arudi kesho.