Shawa ya Mama Mkwe

Nimeishi miaka tisa ghorofa ya tatu, ya juu kabisa, katika jengo kuukuu hapa Mbinga mjini, na kwa miaka yote hiyo shawa yetu ilitoa maji membamba kama uzi wa cherehani. Mimi na mke wangu Beata tulishazoea. Tulikinga ndoo, tukajimwagia kwa kopo, maisha yakaenda. Ukweli ni kwamba nilikuwa mvivu. Fundi bomba aliishi ghorofa ya chini, tulisalimiana kila asubuhi, na sikumwita hata siku moja.

Halafu mama mkwe akateleza shambani kwake Maguu, akichuma kahawa kwenye mteremko, akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa chuma, akalala hospitalini wiki tatu. Daktari akamwambia Beata kwamba akitoka asiiname, asichuchumae, asipande milima kwa muda wa miezi mitatu. Sasa Maguu ni milima mitupu, na choo cha mama ni cha shimo. Ilibidi aje kwetu.

Alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo alimpa Beata, si mimi.

"Nitakuja," alisema. "Lakini siku nitakayoshindwa kuoga mwenyewe, mnirudishe kwangu siku hiyohiyo."

Anayemjua Mama Kunigunda anajua kwamba hasemi jambo mara mbili. Na akirudi Maguu na nyonga ile mbichi, atachuchumaa, ataanguka, na safari hii hatatembea tena. Daktari hakuzungukazunguka katika hilo.

Niseme na jambo ambalo vijana wa siku hizi wanalicheka. Mimi na mama mkwe wangu tunaheshimiana. Hatuli sahani moja. Nikimsalimia nasimama mbali na macho nimeyateremsha, naye anaitikia "Marahaba, baba" akiangalia pembeni. Chumba anacholala siingii. Bafu lenye nguo yake siingii. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na anayeona ni ushamba aendelee kuona.

Kwa hiyo nani angemmwagia maji? Mimi siwezi, na hata Beata angekataliwa kwa lile sharti; tena yeye ni mwalimu, na wiki hiyo alikuwa amepangiwa kusimamia mitihani Mbamba Bay, kule ziwani, mpaka Ijumaa jioni. Nilifikiria kuweka ndoo juu ya meza. Lakini mkono mmoja ushike kile chuma cha kujishikia kilichoko ukutani asianguke, mwingine uchote maji, je, wa sabuni utatoka wapi? Ilikuwa lazima shawa ifanye kazi yake, yeye akae kwenye stuli ndefu na maji yamshukie. Tulimtarajia Jumamosi. Nikajiambia nina muda wa kutosha.

Jumatatu nilianza mwenyewe. Nilifungua kile kichwa cha shawa, nikakuta matundu yote yameziba kwa mchanga na ukoko mweupe. Nikakiloweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha, asubuhi nikakisugua kwa mswaki, nikakirudisha kwa mbwembwe nyingi. Maji yakatoka mengi kwa muda wa kukohoa mara mbili, kisha yakarudi kuwa uzi. Nilikitukana kile kichwa matusi ambayo sitayaandika hapa.

Jumatano nikainamisha kichwa, nikateremka kumwita Adinani fundi. Alipanda hadi kwenye paa, akagonga bomba letu linaloshuka kutoka kwenye simtanki, akasikiliza, akanitazama kwa huruma.

"Kaka Pankras, hili bomba la chuma limeliwa na kutu. Ndani pamebaki nafasi ya kupita sindano. Na tanki lenyewe liko karibu mno na kichwa cha shawa yako, maji hayana mahali pa kupata nguvu. Tuweke bomba la plastiki, nene zaidi, na tuliinue tanki juu ya matofali."

"Kazi itakwisha kabla ya Jumamosi?"

"Kesho tu."

Na kweli, Alhamisi saa saba mchana kazi ilikuwa imekamilika. Adinani alifunga koki ya juu ya paa ili gundi ya viungo ikauke, akaniambia, "Saa kumi panda uifungue, kisha njoo bafuni ujaribu. Acha hewa itoke kwanza, itatema kidogo." Akaenda zake kwenye kazi nyingine. Nikabaki ninafuta sakafu ya bafu na kujisifu.

Saa tisa simu ikalia. Alikuwa Egidi, kaka yake Beata.

"Shemeji, mama ameruhusiwa leo. Tumeshafika kona ya sokoni."

Kona ya sokoni! Nilitupa tambara. Nikatoa viatu vyangu bafuni, taulo langu, wembe wangu, kila kitu chenye harufu yangu. Nikaingiza stuli. Nikang'oa komeo la mlango wa bafu, maana daktari alisema asijifungie. Nilipomaliza, tayari walikuwa kwenye ngazi, Egidi anamshika huku na Mwanaisha, mke wa fundi, anamshika kule. Nikajibana kona ya jikoni, nikatoa shikamoo yangu kwa mbali. Mama alikuwa amekonda. Moyo uliniuma kumwona vile, lakini sikumtazama zaidi.

Jambo la kwanza alilosema ni kwamba amechoka kunuka dawa, anataka kuoga. Mwanaisha akamtayarishia kila kitu, akatundika kitenge chake kwenye msumari ndani ya bafu, akamkalisha kwenye stuli. Mama akamshukuru, akamwambia aende, yeye si mtoto mchanga. Mwanaisha akarudi dukani kwake. Egidi alikuwa ameshaondoka, kahawa yao iko kwenye vichanja na mawingu yalikuwa yanakusanyika.

Nikabaki mimi. Nilikumbuka kwamba shawa haijajaribiwa, na nilijua nilipaswa kuijaribu. Lakini kitenge cha mama kilikuwa kimeshatundikwa mle. Ningeingiaje? Nikajipa moyo kwamba Adinani ni fundi mzuri.

Nilisikia bomba likizungushwa. Kimya. Likazungushwa tena. Kimya. Kisha stuli ikakwaruza sakafu, na baada ya hapo sikusikia kitu kabisa.

Nilisimama sebuleni. Nimwite? Nimwulize mama mkwe wangu, naye yuko uchi, kwamba kulikoni? Nilitembea hadi karibu na mlango, nikarudi. Nikampigia Mwanaisha, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Dakika zikapita, sijui tano, sijui kumi. Nilijiona tayari nampakia kwenye gari kumrudisha Maguu, na Beata anarudi kutoka Mbamba Bay kukuta kitanda kitupu. Atasema nini mke wangu? Atasema nilishindwa hata maji.

Ndipo nilipokumbuka ile koki.

Nilipanda ngazi mbili mbili, nikavuka paa, nikaishika koki kwa mikono yote miwili na kuifungua mpaka mwisho. Maji yakashuka bombani kwa kishindo. Na papo hapo, kupitia kidirisha cha bafu, nikasikia mama akipiga yowe.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka niko mlangoni, nimenyakua shuka kitandani kwangu. "Mama!" Hakuna jibu, ila maji yanapiga sakafu kama mvua ya masika. "Mama!" Nikageuka, nikausukuma mlango kwa mgongo, nikaingia kinyumenyume, shuka nimelinyoosha nyuma yangu, macho yangu yakiangalia sebuleni. Nikahisi shuka linavutwa, likapokelewa.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Funga maji kwanza, ni ya baridi hayo."

Nikapapasa ukutani, nikafunga. Sauti yake ilikuwa inatoka chini, karibu na visigino vyangu.

"Uko chini?"

"Niko chini tangu maji yalipokataa. Nilisimama nikaligonge lile bomba, miguu ikaisha nguvu, nikashuka na ukuta polepole mpaka nikakaa."

"Muda wote huo! Mbona hukuniita?"

Nilisikia akijifunika shuka.

"Ningekuitaje, baba?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake muda wote ule, nikijiuliza swali hilohilo.

"Ni kosa langu," nikasema. "Koki ya juu ilikuwa imefungwa. Nilisahau. Na sikuijaribu shawa kwa sababu kitenge chako kilikuwa humu."

"Nipe mkono."

Nikauteremsha mkono nyuma yangu. Akaushika. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu, kiganja cha kuchuma kahawa, na nilitambua kwamba sijawahi kukigusa tangu nimwoe binti yake. Akashika chuma cha ukutani kwa mkono wa pili, mguu mzima akaukaza, nami nikavuta polepole, nikimwomba Mungu na watakatifu wote ninaowajua. Akasimama. Akajaribu kukanyaga kwa mguu wa nyonga, akakanyaga tena.

"Unashika," akasema. Nikasikia akikaa kwenye stuli.

Lilikuwa limebaki lile ambalo halikukwepeka.

"Mama, nimpigie Egidi arudi kukuchukua?"

"Kwa nini?"

"Ulisema siku utakayoshindwa kuoga mwenyewe..."

"Hapa nimeoga?"

"Hapana, mama. Bado."

"Sasa nimeshindwa lini? Chukua shuka lako utoke. Na usiende mbali."

Nikalipokea shuka, limelowa, nikatoka, nikauvuta mlango. Nikakaa sakafuni sebuleni nikiupa mlango mgongo. Maji yakafunguka, mengi, yenye nguvu, na kati yake nikamsikia akijisugua na kuguna. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Kila baada ya muda mama aliita, "Upo?" nami nikaitika, "Nipo, mama," mpaka alipomaliza.