Jina la Makokha

Mume wangu Muasya hajui kupiga gitaa akanyamaza. Wapigaji wa benga wote ndivyo walivyo: gitaa likishapamba moto, lazima waite majina ya marafiki, aliyewanunulia nyuzi, aliyewapa chumba cha mazoezi. Wimbo usiposalimu watu, wasikilizaji huona haujaisha, na wafadhili hununa.

Basi tingatinga lilipobomoa vibanda vya bondeni Mathare, Muasya akatunga na kurekodi wimbo wa kuuliza watoto walale wapi. Wimbo mzuri, sikatai. Lakini katikati, kwa mazoea, akamsalimu seremala aliyetuazima spika: "Makokha wa Huruma, nakuona!" Redio haikuicheza santuri hiyo hata mara moja, ila wanaume wa serikali wenye makoti waliisikiliza vizuri sana. Walimlaza Muasya ndani wiki nzima, kisha wakamwachilia kwa onyo: wimbo huo usisikike tena. Walisema mwimbaji ni mdomo tu, mwenye maneno ni huyo anayetajwa. Nani angewaeleza kwamba ile ilikuwa shukrani ya spika? Makokha walimchukua karakanani kwake, randa mkononi, na hajarudi.

Nimechoka. Nimechoka na majirani wanaonikwepa bombani, na mume anayekaa kitandani amekumbatia gitaa bila kulipiga.

"Imba za harusi," nilimwambia. "Tuko na watoto, Muasya."

Akakubali. Jumapili mchana akaenda kupiga kwenye baa moja Kariobangi, nami nikamfuata kuhakikisha. Wateja wakaudai ule wimbo, wakagonga meza. Akatikisa kichwa. Hapo akaingia Truphena, mke wa Makokha na mama yake Lenah, mtu asiyekanyaga baa, kitambaa cha kanisa kichwani. Nilidhani amekuja kututukana, na haki anayo.

"Shemeji, piga ule wimbo," akasema.

"Mama Lenah, labda niupige bila jina lake. Hilo jina ndio lilimponza."

"Kila ofisi naenda wananiambia hawajui mtu kama huyo. Sasa na wewe unataka kumtoa? Mtaje, shemeji. Mtaje wasikie."

Muasya akanitazama mimi. Hasira ilinijaa. Mwanamke huyu alikuwa anataka mume wangu apotelee alikopotelea wake! "Hapana" ilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alisimama pale na viatu vyake vya kanisani vimejaa tope, wala hakulia, na mimi nikashindwa. Nikainamisha kichwa kukubali.

Gitaa likaanza, nami nikatoka. Alipolitaja jina, baa nzima ililirudia. Nililisikia nikiwa tayari barabarani. Nilifika nyumbani nikamtolea Muasya sweta nzito na soksi, nikaviweka kitini karibu na mlango, maana wakija hawampi mtu nafasi ya kuvaa, na kule ndani ni baridi.