Kikombe cha Tope la Bahari

Bahari haikubisha hodi. Februari ile ya mwaka hamsini na tatu ilivunja tuta la Schouwen, kisiwa cha Uholanzi, ikaingia majumbani na miguu yake michafu, ikamchukua Marinus pamoja na ng'ombe aliokuwa akiwafungua kamba.

Ilipoondoka iliacha tope. Tope la kijivu, laini kama siagi: kwenye droo ya vijiko, kwenye viatu vya mbao, ndani ya saa ya ukutani. Leuntje, mjane wa Marinus, alilikwangua mwaka mzima. Kwa kisu, kwa brashi, kwa kucha. Halitakaa nyumbani mwangu, aliapa, hata chembe.

Lakini binti yao Krina ni mfinyanzi, na mikono ya mfinyanzi haijui kutupa udongo. Alificha ndoo moja bandani. Miaka mitano aliipita kwa kunyata, kama apitaye mlangoni kwa mgonjwa aliyelala.

Kisha akalichuja lile tope. Akalikoroga na majivu ya mtufaha wa baba yake, mti uliouawa na chumvi. Akavichovya humo vikombe sita, akavitia tanurini. Vitano vilipasuka. Kimoja kilitoka kimevaa ngozi ya kioo: kahawia mdomoni, na ndani, chini kabisa, kijani cha maji yaliyotulia.

Saa nne asubuhi, saa ya kahawa, alikiweka mbele ya mama yake na kumwambia yote.

"Umepika tope lililomuua baba yako, ukaniletea ninywee?"

"Nimelipika, Mama. Kwa moto mkali kuliko hasira zako."

Leuntje hakucheka. Alikipindua kikombe, kama wafanyavyo wanunuzi wa mjini Rotterdam wakitafuta jina la mfinyanzi. Jina lilikuwepo, ila halikuwa la Krina. Lilikuwa Marinus.

Akalipitishia kidole. Akalipitishia tena.

"Hakivuji?"

"Hakivuji."

"Wajenzi wa tuta nao walisema halivuji."

"Hiki hakivuji, Mama."

"Basi mimina."

Biskuti moja kwa kila mtu, kopo likafungwa, kama siku zote. Leuntje akanywa polepole, akanywa mpaka kijani kikaonekana. Akakitazama. Kisha akafungua kopo tena, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona, akaweka biskuti ya tatu, ya Marinus, kando ya kikombe.

Akakizungushia viganja vyote viwili. Bahari ilikuwa humo, imetulia, ina joto bado. Safari hii ilikuwa imekaribishwa.