Nusu Kidonge

"Umeswali rakaa tano," alisema Bi Somoe.

Najma alikuwa ameshatoa salamu, ameshika ncha ya mkeka ili aukunje. Alimgeukia mama yake. "Tano? Adhuhuri?"

"Tano. Na jana tatu. Juzi sijui, nilichoka kukuhesabia." Mama hakuwa akitania. "Haya, sujudu sijida ya kusahau. Swala ina dawa yake mtu akisahau. Huko dukani ukisahau, utasujudu wapi?"

"Mama, watu wananingoja."

Alisujudu mara mbili kwa haraka, akatoa salamu tena, na kabla mkeka haujatulia ukutani alikuwa amekwisha fungua dirisha la duka.

Lilikuwa duka la dawa baridi, chumba cha mbele cha nyumba yao ya Mtoni, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa. Asubuhi Najma alikuwa nesi katika zahanati ya serikali. Saa tisa alirudi, akaswali, akafungua duka, na hakulifunga mpaka mtaa wote ulale. Jumapili alifungua tangu alfajiri. Watu walimsifu kuwa ni mchapakazi, wengine walisema ana tamaa. Wote walikosea. Najma alikuwa anaogopa.

Miaka miwili nyuma, mumewe Marijani alikwenda kiwandani asubuhi kama kawaida, akakuta karatasi ya waliopunguzwa kazi imebandikwa getini, na jina lake limo. Tangu siku hiyo alishinda Kariakoo akitafuta vibarua. Sasa mwaka ulikuwa wa tisini na nne, na kila wiki zahanati ilinong'ona kwamba orodha nyingine inakuja, safari hii ya watumishi wa serikali. Najma aliamini kwamba akisimama tu, hata kwa muda wa kunywa chai, orodha itamkuta amesimama. Kwa hiyo hakusimama. Alikula huku anakunja pakiti za karatasi. Binti yake Mwanaheri, mwenye miaka sita, alikuwa ameacha kumsimulia mambo ya shule. Alimsimulia bibi.

Siku hiyo dirishani walikuwa wamejaa. Mmoja alitaka dawa ya minyoo, mwingine ya kikohozi, na watatu au wanne klorokwini, maana masika yalikuwa yameleta mbu. Najma aliandika, akahesabu vidonge, akakunja, akanyoosha mkono. Mikono yake iliijua kazi. Yeye mwenyewe alikuwa mbali, anapanga maneno atakayomwambia mganga mkuu wa zahanati kesho ili jina lake lisiandikwe.

Baada ya kama saa moja foleni ilipungua. Akarudi Mzee Fakihi, jirani wa nyumba ya tatu, kajifunika shuka kwa homa lakini mdomo haumuumwi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. We mtoto, hivi mie unanionaje?" Aliweka pakiti juu ya ubao wa dirisha. "Na ndevu zangu hizi, unanipa vidonge viwili, tena umeandika nimeze nusu leo, nusu kesho! Ndo mmeanza kupunguza na wagonjwa sasa?"

Watu wawili waliosimama pale wakacheka. Najma naye akacheka, akaichukua pakiti.

Ulikuwa mwandiko wake. *Nusu leo. Nusu kesho. Nusu keshokutwa.* Dozi ya mtoto wa mwaka mmoja.

Kicheko kilimkauka mdomoni. Kama pakiti ya mtoto ilikwenda kwa Mzee Fakihi, basi pakiti ya Mzee Fakihi ilikwenda kwa mtoto. Vidonge kumi. *Vinne leo.*

Alikuwa nesi. Hakuhitaji kufungua kitabu chochote. Klorokwini ni dawa njema ikipimwa. Ikizidi kwa mtoto mdogo, humsimamisha moyo, na haichelewi.

"Babu," alisema, na sauti yake hakuitambua, "nani alikuwa nyuma yako pale?"

"Mwanamke, kabeba mtoto."

"Mwanamke gani?"

"Mie najuaje? Mgeni. Si wewe uliyezungumza naye?"

Najma alijaribu kuuona uso wa yule mama, akakuta pengo, kama ukuta uliong'olewa picha. Alikuwa amemhudumia mtu, amemuuliza umri wa mtoto wake, amempa mkononi dawa itakayomuua mwanawe, na hakuwa amemwona.

Alitoka mbio mlango ukiwa wazi. Alikimbia kulia mpaka barabarani, akarudi, akakimbia kushoto, akamsimamisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni, naye akamshangaa. Nyumba zilikuwa nyingi. Vichochoro vilikuwa vingi. Katika kimojawapo, sasa hivi, kijiko kilikuwa kinakoroga vidonge vinne. Huku anakimbia, wazo lilimjia kama nyoka: vidonge havina jina. Nani atajua vimetoka wapi? Rudi dukani, unyamaze. Lilimtisha kuliko yote, kwa sababu lilikuja na sauti yake mwenyewe.

Mkono ulimkamata. Bi Somoe alikuwa amemfuata, anahema.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, nimempa mtoto dozi ya mtu mzima. Namtafuta."

"Mtoto wa nani?"

"Simjui!"

"Basi unamtafuta nani?" Bi Somoe alimvuta mpaka kwenye baraza ya nyumba iliyokuwa karibu. "Kaa."

"Mama, anakufa!"

"Kaa chini, Najma! Mtu usiyemwona, ukimpita utajuaje ni yeye? Kaa kwanza umwone. Kisha ukimbie."

Kukaa kulikuwa kugumu kuliko kukimbia. Kila sehemu ya mwili ilimwambia inuka, inuka, unachelewa. Mama alimshika viganja vyote viwili.

"Fumba macho. Vuta pumzi. Usimtafute. Mwache aje. Ulipompa pakiti, mkono wake ulikuwaje?"

Kwanza aliona kalamu tu. Akavuta pumzi nyingine. Aliona ubao wa dirisha, jua likiwa limeukata katikati. Aliona pakiti mbili zimelala pamoja, naye akizisukuma bila kutazama, kichwa chake kikiwa kwa mganga mkuu. Hapo alitaka kufumbua macho kwa aibu, lakini mama hakumwachia. Kisha mkono ukaja.

"Mweupe," alisema Najma. "Vumbi. Hapana, unga. Unga mpaka kwenye kiwiko. Na alikuwa anasema kwa sauti kubwa mno. Nilikerwa, mama. Nilisema moyoni, huyu anapiga kelele za nini. Alikuwa anasema kama mtu anayeshindana na—"

"Mashine ya kusaga," alisema Bi Somoe.

Mtoni zilikuwepo mbili, lakini ilikuwa siku ya mgao wa umeme. Moja tu ndiyo iliyokuwa ikinguruma, ile ya dizeli, chini karibu na mtaro. Najma alikuwa ameshainuka.

Mwenye mashine alimwelekeza bila maswali, kwa jinsi alivyomwona. "Yustina? Anapepetaga nafaka hapa. Karuhusiwa mapema, mtoto ana homa. Mlango ule wa bluu."

Yustina alikuwa ameketi juu ya kigoda, msichana wa miaka ishirini hivi, mwenyeji wa Songea, unga haujamtoka mikononi. Mtoto alikuwa mapajani. Sakafuni palikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe uji mweupe mweupe wa vidonge na sukari, nusu yake.

"Usimpe!" Najma alipiga kelele mlangoni. "Amekunywa kiasi gani?"

"Nusu. Kingine kakataa, nilikuwa nambembeleza." Yustina alimtambua, uso ukafunguka kwa furaha ya kumwona mwenye msaada. "Karibu, dada nesi. Nilishangaa kweli, vinne kwa mtoto, nikasema lakini nesi ndiye anayejua."

Najma alipiga magoti mbele yake. "Nilikosea. Nilikupa dawa ya mtu mzima. Inaweza kumuua. Twende hospitali sasa hivi. Utanitukana njiani."

Mwenye mashine aliwapakia kwenye pikapu yake juu ya magunia. Yustina hakumtukana. Alimkumbatia mtoto, akamgeuzia Najma mgongo.

Hospitalini walimwosha mtoto tumbo. Daktari kijana, macho mekundu, aliwaambia ukweli: "Iliyotoka imetoka. Iliyoingia imeingia. Sasa tunangoja moyo. Akivuka magharibi hivi, nitaanza kuwa na matumaini. Mtazameni anavyopumua. Kikibadilika chochote, niiteni."

Wakakaa, mmoja huku, mmoja huku, kitanda katikati. Jua lilikuwa bado dirishani. Najma alikitazama kile kifua kidogo. Kilipanda. Kilishuka. Kilikawia, naye akakatika pumzi, kisha kikapanda tena. Mawazo yalijaribu kumtoa pale: duka liko wazi, mganga mkuu atasikia, orodha. Kila alipoondoka hofu ilimrudisha kwa ukali, je, hiyo niliyokosa kutazama ilikuwa pumzi ya mwisho? Akarudi. Kinapanda. Kinashuka. Hakuwa na kazi ya kufanya. Bidii yake yote, miaka miwili ya kutolala, hapa haikufaa kitu. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kimoja, kuwepo, na ndicho alichokuwa amekisahau.

Aliona vitu. Aliona sikio la mtoto lina kovu dogo. Aliona Yustina amemfunga uzi mweusi mguuni, na kwamba Yustina mwenyewe alikuwa na pengo la jino, na kwamba alikuwa anaomba bila sauti.

"Dada nesi," alisema Yustina. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu watoke nyumbani. "Wakati unaniandikia, uliniangalia?"

Uongo mwepesi ulikuwepo, foleni ilikuwa ndefu, karatasi zilichanganyika. "Sikukuangalia," alisema Najma. "Nilikuwa nawaza kazi yangu ya kesho."

"Mwanangu anaitwa nani?"

"Sijui."

"Nilikwambia. Uliniuliza, nikakwambia." Machozi yalimtoka Yustina, yakachora njia kwenye unga wa mashavuni. "Anaitwa Lusungu. Kwetu maana yake huruma."

"Nisamehe, Yustina."

"Usiniombe kitu sasa. Mtazame."

Akamtazama. Wakati fulani pumzi ilikuwa fupi fupi, mikono ikawa ya baridi, Najma akakimbia kumwita daktari, na kwa muda usiopimika watu watatu walimwinamia mtoto. Kisha rangi ikarudi midomoni. Adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali. Ndipo Lusungu alipofumbua macho, akawaona wote wamemkodolea, akaangua kilio kikali cha hasira.

Daktari alisikiliza kifua, akasikiliza tena. "Mpe titi," alimwambia Yustina, akageuka upande.

Kesho yake Najma alikwenda mwenyewe kwa mganga mkuu wa zahanati, akaeleza yote kabla hajaulizwa. Alipewa onyo la maandishi. Kama jina lake lingeingia kwenye orodha kwa ajili hiyo, hakuna aliyemwambia. Mwenye kumhurumia alimshauri alipe fadhila kwa kufanya kazi zaidi. Alifanya kinyume. Alibandika karatasi dirishani: duka litafunguliwa saa kumi, litafungwa saa kumi na mbili, Ijumaa halifunguliwi, mwenye dharura aende hospitali. Wateja wengine walihamia duka la upande wa pili. Waliobaki walilalamika, kwa sababu sasa walihudumiwa mmoja mmoja, pakiti moja tu juu ya ubao, na kila mtu alitazamwa usoni.

"Jina?"

"Unanijua tangu unanyonya!" alisema Mzee Fakihi.

"Jina, babu. Halafu unisomee nilichoandika."

"Eti kidonge siku hizi mpaka uhojiwe kama polisi. Fakihi! Fakihi bin Jabiri! Nitoe na alama za vidole?"

Hofu haikuondoka. Hili Najma hakumficha mtu. Jioni moja alikuwa ameketi jikoni na Mwanaheri, Marijani hajarudi, na mtoto alikuwa ameanza, kwa tahadhari, kama anayejaribu maji kwa kidole, kumsimulia habari ya mwalimu wao na kuku aliyeingia darasani. Dirisha la duka likagongwa. Saa kumi na mbili ilikuwa imepita.

"Nesi! Nesi, nataka panado tu!"

Mwili wa Najma uliinuka nusu wenyewe. Yote yalikuja kwa mkupuo mmoja, mteja huyu anakwenda upande wa pili, hatarudi, orodha, karatasi getini, mtoto huyu atakula nini. Mwanaheri aliacha hadithi katikati. Alikuwa anajua kinachofuata; alishaanza kumtafuta bibi kwa macho.

Najma aliweka kiganja sakafuni. Saruji ilikuwa ya baridi. Alisikiliza kule kugonga mpaka kukaisha, na nyayo zikaelekea kwenye taa za duka la pili, na yeye bado anaogopa, bado yupo pale pale.

"Kuku akaingia darasani," alisema. "Akapita mlango gani?"