Jozi ya Watu Wawili

Mimi nina mguu mmoja, wa kulia. Wa kushoto ulibaki hospitali, na sina habari nao tena. Lakini dunia nzima inauza viatu viwili viwili, kwa hiyo kila nikinunua, kimoja kinaenda mguuni na kingine uvunguni mwa kitanda. Kutupa kiatu kipya roho yangu inakataa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni muuzaji katika duka la viatu. Siku moja alikuja kunifagilia chumba, akaingia uvunguni na kukaa humo mpaka nikadhani amelala. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani na macho yamemtoka.

"Mjomba, hivi vya kushoto vyote havijavaliwa!"

"Ulitaka nimvalishe nani?"

"Kuna mtu mahali fulani anavihitaji. Na yeye vya kulia anavitupa."

Nikamwambia aache umbea wa viatu, amalize kufagia.

Wapi! Alianza kumuuliza kila mteja kama anamjua mtu wa mguu mmoja. Wateja wakachukia, tajiri wake akachukia zaidi. Akampa nafasi moja: Jumamosi alete watu wawili wagawane jozi moja, kila mtu upande wake. Akishindwa, akatafute kazi kwingine. Na mshahara wa binti huyo ndio unaomlisha dada yangu na watoto wake.

Jumamosi nikajikokota na magongo yangu hadi dukani. Nani kakaa kwenye benchi? Fundi redio! Huyu aliwahi kunitengenezea redio, ikarudi inakoroma tu, na tangu hapo hatusalimiani. Ana mguu wa kushoto, saizi yangu kabisa. Mungu naye ana vituko.

"Kumbe ni wewe, karani?" akasema. "Ningejua, ningebaki peku."

Nimekuwa karani wa mahakama maisha yangu yote, napenda kiatu cheusi, cha kamba, kisicho na makelele. Yeye alikuwa amekumbatia cha kahawia chenye ncha nyeupe, kinang'aa mpaka unaona dari.

"Hicho cha mwanamuziki," nikasema.

"Na chako cha msibani."

Tukavutana mpaka wateja wakaacha kujaribu viatu, wakakaa kutazama. Mama mmoja akauliza kwa nini kila mtu asichukue anachokipenda. Ikabidi tusimamishe ugomvi, tuungane kumwelewesha.

Tajiri akatazama saa, kisha akamtazama mpwa wangu. Binti hakubembeleza. Alitundua mkoba wake ukutani.

"Basi, Mjomba. Twende nikusindikize nyumbani."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Mzee mzima namkosesha mtoto kazi kwa sababu ya rangi!

"Lete hicho cha mwanamuziki," nikasema.

Fundi redio akakohoa. "Hapana. Mletee cheusi."

"Nimesema cha mwanamuziki!"

"Mimi sasa nataka cheusi!"

"Wafungie chenye ncha," tajiri akafoka, "kabla hawajageuka tena! Na wewe binti, rudisha mkoba ukutani."

Tukatoka, mimi na kimoja, yeye na kimoja. Mlangoni tukakutana na mwanamke mwenye gongo. Akautazama mguu wangu, akautazama wa fundi, akarudi kwangu.

"Kwani hapa wanauza kimoja kimoja?" akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa kuchekwa.

"Wewe una upi?" tukamuuliza kwa pamoja.

"Wa kulia."

Nikamwambia aingie amwone binti muuzaji, huyo ni mpwa wangu. Nilijivuna kulisema. Fundi redio akaegemea upande mmoja wa mlango, mimi upande wa pili, na hapo tukasimama mpaka duka likafungwa, tukiikodolea macho miguu ya wapita njia bila haya, tukimtafutia yule mwanamke mwenzake wa mguu wa kushoto.